Hesabu ya Viti

Kibali kinasema mwisho saa kumi na mbili na nusu.
Kina mhuri wa mtaa na doa la chai
la mtendaji aliyetuuliza mara mbili:
"Lakini hamtafukuza mapepo kwa spika?"
Tukasema hapana.
Mchungaji Ndahani akatazama viatu vyake.

Basi tukapanga viti mia na ishirini,
vya bluu, vya kukodi, mia tatu kila kimoja,
Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga,
pale watoto wanapochezea mpira wa soksi.
Madhabahu tukaiweka golini.
Chibago, mwenye mpira, akaniuliza
Mungu atakaa siku ngapi.
Nikamwambia sita, mpaka Jumapili.
Akahesabu kwa vidole, akaguna,
akaondoka na mpira wake kwapani.

Dodoma mwezi wa nane haina adabu.
Upepo ulikuja bila hodi,
ukapekua Biblia toka Zaburi hadi Ufunuo
kama mtu aliyepoteza risiti,
ukawafunika wanakwaya majoho yao usoni,
ukatupaka vumbi, aliyeokoka na asiyeokoka,
rangi moja.
Mchungaji akanyanyua mkono: "Bwana ni..."
Jenereta likakohoa, likazima.
Tukabaki na Bwana ni,
na mashine ya kusaga ikaimalizia sentensi
kwa lugha yake.

Karibu na saa kumi adhana ikapanda
kutoka barabara ya pili. Tukanyamaza.
Hilo halikuandikwa kwenye kibali.
Fundi baiskeli Shomari akafunga kibanda,
akakatiza katikati ya viti akienda kuswali,
akaokota kitabu cha nyimbo kilichoangushwa na upepo,
akakikung'uta kwenye goti,
akakiweka juu ya kiti,
akaenda zake.

"Nani leo anampa Yesu maisha yake? Apite mbele!"
Akapita mbuzi.
Akafuata Mchiwa, ametoka kilabuni,
wazee wa kanisa wakainuka, aleluya,
yeye akasema hapana jamani,
miguu inauma, nimeona viti.
Tukampa cha mbele.
Alilala hadi sala ya mwisho,
na amina yake, alipoamka,
ilikuwa kubwa kuliko zetu zote.

Jioni mimi ndiye wa kuhesabu.
Mia na kumi na tisa.
Nikarudia kuanzia nyuma. Mia na kumi na tisa.
Nikavuka barabara nikimlaani mwizi kimoyomoyo,
mimi, mhudumu, beji kifuani.

Nyuma ya pazia la khanga kuukuu
Mama Sechelela amekikalia,
sufuria ya mlenda mbele yake, mwiko mkononi.
Hakusimama.
"Mwaka wa tisa huu napikia juu ya ndoo," akasema.
"Nimekaa leo. Nimesikia yote.
Mchungaji wako anamsimulia Lazaro vizuri,
kaburi, jiwe, sanda, njoo huku nje.
Mwambie kesho asimulie na wale dada zake.
Siku nne zile msiba umejaa watu:
walipika nini? Nani aliwachotea maji?
Mimi wangu nilimzika Jumanne,
Jumatano nilikuwa nauza chapati hapa hapa."

Moshi ukanigeukia. Nikasingizia moshi.

Akanipakulia ugali wa uwele na mlenda,
nikala nimechuchumaa
kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja.

Kwenye daftari la mwenye viti niliandika:
vimetoka mia na ishirini,
vimerudi mia na kumi na tisa.
Penye "sababu" nilikaa na kalamu muda mrefu,
kisha nikaandika: kimoja kimebaki ibadani.
Mia tatu nilitoa mfukoni.

Nilipopita tena uwanjani, giza limeshika,
Chibago na wenzake wamerudi.
Madhabahu wameisogeza pembeni, taratibu,
watu wanne wanne kila upande,
hata kitambaa chake cheupe hakikuanguka.
Mlinda mlango alikuwa Mchiwa.
Alifungwa matatu nikitazama.
Sikukaa kuona la nne.
Kesho tunaanza saa tisa,
upepo ukipenda.