Daftari la Sikukuu

Desemba imeingia na magari ya kutoka Dar,
mabegi yamefungwa juu, watoto wamebandika pua kwenye vioo.
Moshi nzima imepandisha bei ya nyanya.
Nami nimekaa mezani, hapa Rau,
na daftari la Anaeli, lenye doa la chai la mwaka juzi.

Yeye ndiye aliyekuwa akigawa bahasha.
Mimi nilikuwa mtu wa kukaanga, na kulalamika
kwamba tunalisha nusu ya wilaya.

Sasa nasoma mwandiko wake uliolalia kushoto,
mwandiko wa karani wa kahawa:

Kilewo, mlinzi. Elfu thelathini, sukari kilo mbili.
Usimpe getini. Wenzake wanahesabu kwa macho.

Mama Ndeshukuru wa maziwa. Kitenge, kipya.
Si kile kilichobaki kwenye harusi ya binti yetu;
Rau yote inakifahamu kile.

Hamadi wa taka. Krismasi si yake,
lakini taka za Krismasi ni zake zote.
Mpe. Idi ikifika mpe tena,
bila kumkumbusha ya kwanza.

Tulia wa kufua. Mshahara ni mshahara,
usiufunge utepe ukauita zawadi.
Na iwe kabla ya tarehe ishirini:
nauli ya Rombo hupanda kuliko mlima wenyewe.

Pembeni, kwa penseli, kama anayejionya:
Usiseme "ni kidogo tu." Utamtwisha kazi ya kukufariji.
Usimuulize atanunua nini.
Noti ziwe safi. Toa, kisha zungumza habari ya mvua.

Benki waliniambia noti mpya zimekwisha.
Nilirudi na hizi zenye harufu ya dagaa,
nikazipiga pasi moja moja juu ya gazeti.

Mstari wa mwisho hauna kazi, una jina tu:
Ndewira. Elfu kumi, chupa ya mafuta. Peleka mwenyewe.

Nikamuuliza Kilewo.
"Ndewira? Si yule wa mfereji, mama!
Ukiamka, yeye keshapita.
Majani, mifuko ya nailoni, siku moja paka mzima.
Mwaka wa kumi na nne huu."

Miaka kumi na minne mchicha wangu umekunywa,
na mimi nikiusifia udongo.

Nilimkuta ng'ambo ya mto akikatia ng'ombe majani.
Nikatoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko,
na mdomo wangu, mjinga huu, ukasema:
"Ni kidogo tu."

Akaipokea bahasha bila kuitazama,
akaiweka chini ya kofia.
"Mwaka jana hakuja mtu," alisema.
"Nikajua mzee hayupo.
Nikasafisha hivyo hivyo."

Nilitafuta la kujibu, sikuliona.
Yeye akaingia mgombani, akakaa huko kitambo,
akatoka na chane mbili za mshare,
nami sikuwa nimebeba hata kikapu,
nikazikumbatia, utomvu ukinichafua gauni la kanisani.

"Vuli ya mwaka huu," akasema Ndewira,
akiangalia pale mlima unapokuwaga,
"imechelewa."

"Imechelewa," nikasema.
"Lakini imekuja."