Miwani ya Zamu ya Usiku

Saa nane na robo. Utelezi wa Machame
umemleta Ndelilio bila pikipiki yake,
tope hadi kwenye nyusi,
pumzi ikimponyoka
kama kuku mikononi mwa mtoto.

Dokta Aikande akavaa ile miwani.
Mizito. Mkanda unabana nywele zilizosukwa juzi.
Ndani yake mna chumba kingine:
mapigo ya moyo yananing'inia hewani, kijani,
mbavu zimechorwa juu ya ngozi,
na mstari wa buluu unasema: hapa.

"Shuka kidogo," akasema bingwa aliyeko Mbeya,
ameamshwa, sauti bado ina usingizi,
anaona anachokiona yeye.
"Ubavu wa tano. Pita juu yake."

Mtandao ukakwama.
Mstari ukahama, ukaelea juu ya shuka,
ukipima kifua cha mtu asiyekuwepo.

Muuguzi Nakijwa hakusema neno.
Aliushika mkono wa dokta, glavu kwa glavu,
akaurudisha kwenye joto.

Kidole kikahesabu chenyewe: tatu, nne,
tano. Kisu. Mpira.
Hewa ikatoka kifuani ikifoka
kama tairi la mbele.

Alfajiri, Moshi nzima ikinuka udongo,
Ndelilio alifumbua macho
akajiona mara mbili, mdogo mdogo, kwenye vioo.
"Vua basi, nikuone."

Akavua. Mkanda ulikuwa umechimba
mfereji mwembamba kwenye paji la uso.
Akamtazama kwa muda mrefu.
"Na ndizi zangu?"