Ukurasa wa Thelathini na Saba

Mwaka wa hamsini na moja, mimi karani wa boma Masasi,
nilitumwa Chiwata na swali moja:
nani aliyekata ukurasa wa thelathini na saba
katika daftari la ubatizo?

Padri akanionyesha. Umekatwa kwa wembe, polepole,
kama anavyonyolewa mtoto wa arobaini.

Jina lililopotea: Mkwepu, aliyebatizwa Kornelio.
Wake watatu. Maji yalitaka mmoja.
Akamchagua mdogo, Perpetua.
Wale wawili wakaandikwa "waliokuwa".
Waliokuwa! Na bado wanapalilia shamba lilelile.

Sheria niliijua kwa moyo:
kila mtu huru kuabudu atakavyo.
Niliipiga taipu mwenyewe, nakala tatu.
Haikusema huru nani,
Mkwepu kuingia kanisani
au Abiti Liganga kubaki mke.

Nikamuuliza mume, akaapa.
Nikamuuliza mwalimu wa dini, akakohoa.
Mke mkubwa hajui kusoma, nikamfuta
mpaka nilipolifungua tena daftari juani:
ukurasa wa thelathini na sita, pembeni,
alama ya kidole gumba, nyeusi,
iliyobabua karatasi.
Utomvu wa ganda la korosho.

Nikaenda uani kwa Abiti Liganga.
Wanabangua watatu, chungu kimoja.
Vidole thelathini, vyote vimebabuka.

"Wembe wangu," akasema mkubwa. "Mimi kungwi."
"Taa nilishika mimi," akasema Abiti Ndembo.
Perpetua hakuinua uso:
"Nilifundishwa kusoma ili nibatizwe. Nikasoma."

Wewe ndiye uliyechaguliwa, nikamwambia.
"Nimeachiwa mume peke yangu.
Nani sasa ataniambia akidanganya?"

Abiti Ndembo akaninyooshea kisu cha kubangulia.
"Usije ukaandika tunapenda uke wenza.
Tumegombana miaka kumi na moja.
Lakini ugomvi ni wetu."

Wakanifungia korosho za njiani.
Nimekwisha kula nusu, baiskeli imeegemea kichuguu,
ndipo nikaona kwenye karatasi, chini ya chumvi,
mwandiko wa padri: Korne—

Nikamalizia zilizobaki.

Ripoti yangu ilikuwa ya mstari mmoja:
Ukurasa umeliwa na mchwa.
Padri aliisoma mara mbili,
akapitisha ukucha kwenye ule mkato ulionyooka.
"Mchwa wa huku," akasema, "wana rula."
Akatia sahihi.