Mimi ni Sikio

Herufi za kwanza nilijifunza kwenye milango ya magari,
kwenye vikaratasi vya kubadilisha oili
ambavyo mafundi wa Osaka walivibandika wakaenda zao,
wasijue vitasomwa Nakuru, nyuma ya kiwanda cha pareto,
na mtu mwenye grisi hadi kwenye kope.

Jumapili ya kwanza ya Desemba nina mtihani.
Daraja la nne. Ada nimeilipa kwa gasketi tatu
na rejeta moja iliyokuwa ya shangazi.

Mwalimu Chepkurui, aliyekaa Nagoya miaka mitatu akiogesha wazee,
hutufundisha juu ya duka la dawa, Section 58.
Msiogope, husema, irabu zao ni zetu,
foleni tu ndiyo imevurugwa: a, i, u, e, o.

Ni kweli, na hapo ndipo penye mtego.
Mimi, kwao, ni sikio.
Nani ni nini.
Kesho ni poda na wanja.
Hana ni ua, tena ni pua:
hohehahe wetu kwao ana ua na pua ya kulinusia.
Uso ni uongo.
Hilo la mwisho niliandika kiganjani; petroli imelifuta,
kichwani limegoma kutoka.

Umeme ukipotea nasoma kwa tochi ya simu.
Neno umeme lenyewe, wanavyoliandika,
ni mvua juu, shamba chini, na kijimkia.
Nilicheka peke yangu gizani. Kwetu mvua ikishuka
juu ya mashamba ya Njoro, ndipo huo umeme unapokwenda.
Nililichora mara hamsini.
Taa ziliporudi nilikuwa nimesahau mkia unapindia wapi.

Simiyu wa rangi siku hizi ananiita Toyota.

Leo Bi Nabwile ameleta Fielder ya marehemu. Breki.
Mwaka juzi fundi redio alitaka kuikata ile sauti,
ya mwanamke anayesema kila ukiwasha;
akamrudishia bisibisi yake mkononi.
Miaka sita waliisikia pamoja asubuhi, yeye na Masinde,
wakakubaliana kwamba yule binti anawaombea safari.
Masinde alikuwa akimjibu: amina.

Nikawasha. Akasema.
Na kwa mara ya kwanza sikusikia mlio, nilisikia maneno.
Kaado: kadi. Wamekopa tulikokopa.
Kitenzi hakimo katika kitabu cha daraja la nne,
nikakitafuta kwenye simu kwa kidole kimoja kisafi.

Kadi haijaingizwa.

Kadi ya kulipia barabara kuu za huko.
Miaka sita. Kadi haijaingizwa. Amina.
Kadi haijaingizwa. Amina.

"Si wewe unasoma Kijapani," Bi Nabwile akasema,
"binti anasemaje?"
Nikamtazama uso.
Uso.
Nikakumbuka somo la kumi na nne, ukurasa wenye doa la chai,
yale anayobaki nyumbani humwambia anayetoka.
"Anasema: nenda urudi."

Akanyamaza. Akapangusa dashibodi kwa ncha ya leso,
mahali pasipo na vumbi.
"Kwa hiyo hata siku ile," akasema,
"hata siku ile alimwambia arudi."

Sikuwa na neno, kwa lugha yoyote.
Breki nilizikaza mara mbili. Nikamtoza pedi tu.

Sasa ni saa tano usiku, nina spika masikioni.
Katika sehemu ya kusikiliza, sauti husema mara moja, hairudii,
nawe uchague jibu moja kati ya manne.
Mwanamke anamuuliza mtu jambo, karibu na stesheni, nadhani,
au ni mwavuli, kuna mwavuli umesahaulika,
na mimi bado niko kwenye ile Fielder.
Ameshaingia swali la pili.