Pa Kugeuzia

Mhandisi aliuliza jambo moja tu:
chombo chenu kirefu kuliko vyote kina futi ngapi?
Tukatazamana.
Bunu akasema thelathini. Shekuwe akasema zaidi.
Famau akazipiga hatua pale matopeni,
akahesabu, akakosea, akaanza tena.
Likiwa dogo mtagonga, mhandisi alisema,
likiwa kubwa mtakuwa mmelipia shimo.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa mbali,
miaka ile mfereji ulipokuwa utumbo uliofunga,
Baba akiingia na bamvua kupakia mawe ya Manda,
na kutoka, hakuna pa kugeuzia,
kutoka ni kinyumenyume,
tezi mbele, omo nyuma, pondo likizama hadi kwapa.
Nami, wa miaka minane, nimeketi shetri,
jicho lake la kisogoni:
Kushoto, Baba. Mzizi. Kulia.
Tope. Tope tena.
Watu husema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani.
Omo yetu haikuyajua marejeo.
Ilitazama ilikotoka, safari nzima,
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado yuko mlangoni.

Ndipo Mwanamize akaja na kamba.
Kamba ya makumbi, imetoka sandukuni,
inanuka sifa, ile ya papa,
si ile ya watu; ile marehemu mumewe hakuipata.
Hii ni Mtamaniwa, akasema.
Fundo hili omo. Fundo hili tezi.
Sote tulijua Mtamaniwa ilivunjwa zamani,
mbao zake zikawa banda la kuku kwa Famau,
ngazi moja, na kuni za harusi mbili.
Hakuna aliyemwambia mhandisi.
Akapima: futi arubaini na moja. Akaandika.
Fundo moja likafungwa kwenye mtaimbo,
Famau akashika la pili, akazunguka
tope likimfika mapajani,
nyuma yake kijana akimwaga chokaa,
na duara likaonekana, jeupe, halijakaa sawa,
hasa pale Famau alipoteleza.

Tulichimba miezi saba. Mashine ilifanya kazi mitatu.
Iliyobaki ni makarai na migongo.
Tope lilitutolea nanga isiyo na kucha,
sufuria, meno ya mtu au ya mbuzi (tulibishana),
na bilauri moja nzima, bila ufa,
ambayo Bunu aliisuza akanywea papo hapo.

Siku ya kwanza maji yalikuwa mafu, makusudi,
tuone kama kina kinatosha hata yakiwa mabaya.
Ikaingia boti ya Shekuwe, ya plastiki, futi ishirini na mbili,
mifuko ya saruji na beberu mmoja aliyekasirika.
Ikageuka kama shilingi ndani ya sinia.
Ikaenda zake.
Watu wakacheka: mmechimba bahari!
Mwenyekiti wa kamati akasema nusu ifukiwe,
ipandwe mikoko, ionekane kwenye ripoti.
Mwanamize alikuwa ameketi ukingoni, miguu majini,
tambuu shavuni. Akatema kwanza.
Liwateni, akasema. Pale pana chombo.

Jioni nikaenda kwa Baba.
Halali tena ubavu wa kushoto, na macho yana ukungu.
Nikamwambia tumeingia, tumegeuza, tumetoka.
Mmegeuza wapi?
Nikachora kwa kidole juu ya shuka, mviringo,
naye akaufuata kwa kidole chake, polepole,
mara mbili, akasimama mahali Famau alipoteleza
(sijui alijuaje, au mkono tu ulichoka).
Nilingoja aseme neno.
Akauliza: na tope lote lile, mmelitupa wapi?

Ukingo wa kaskazini, Baba. Tumepanda miche mia mbili.
Kumi na tisa imekufa.