Picha Kumi na Moja

Tuliondoka saa mbili kasoro kwa boti ya Habamungu,
injini ikikohoa mara tatu kabla ya kukubali,
na shangazi Katungu kakaa katikati kabisa,
kashika mbao pande zote mbili
kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.
Miaka hamsini na tisa Goma, ziwa amelichota tu,
bidoni kwa bidoni.
Kulipanda, hii ndiyo mara ya kwanza.

Nauli nililipa mimi, kwa pesa ya cherehani.
Aliuliza bei, nikamtajia nusu.
Hata hiyo nusu aliiona sambaza za wiki mbili.

Chegera kikaja chembamba, kimepinda,
kipande cha sahani iliyovunjika
na mwenyewe akakosa moyo wa kukitupa.
Habamungu alizima injini ili tusikie anavyojua kueleza:
hapa palikuwa na mdomo wa moto,
tutakapokanyaga ni ukingo wa chungu,
chungu chenyewe kiko chini ya maji.
Shangazi akachungulia. Maji meusi.
"Kimezimwa," akauliza, "au kimefunikwa?"

Habamungu akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Mchanga ulikuwa mweusi, ukaingia viatuni.
Akauchota kiganjani, akausugua kwa kidole gumba
kama mwenye duka anavyopima unga,
akaunusa.
"Huu ni mdogo wake lile jiwe letu."

Jiwe letu: lile lililoingia bila hodi
Alhamisi ile ya mwezi wa kwanza,
likapanda hadi kwenye madirisha, likapoa, likakataa kuhama,
hata tukajenga juu yake,
sakafu ya leo pale lilipokuwa paa la jana.
Cherehani ya kwanza ya ukoo wetu imo humo ndani,
labda na uzi wake sindanoni.

Juu ya mti mkavu ndege weusi walianika mbawa
kama mashati ya watu wasio na haraka.
"Msikae bondeni," Habamungu alionya, "kuna mazuku,"
ile hewa isiyo na harufu inayolaza mbuzi.
Shangazi akanivuta sikio:
"Yaani sisi tumelipa kuingia,
na kifo kinakaa humu bure?"

Saa sita wingu likaondoka.
"Geukeni! Leo Nyiragongo umejitoa wote!"
Vijana wawili waliotoka Bukavu wakapiga mayowe, wakapiga picha,
na mimi nikageuka, nikiri, nikaduwaa:
sikujua kwamba kitu ninachokikimbia
kina mabega mazuri namna ile.

Shangazi hakugeuka.
Alitandika kitenge, akafungua kwanga,
akala akitazama kusini, upande wa Ijwi,
mgongo wake umenyooka kama ukuta mpya.
"Miaka yote mimi ndiye ninayeuchungulia.
Nikifungua mlango alfajiri, huo.
Nikitoka usiku kwenda chooni, huo.
Kabla sijaulizia watoto kama wameamka
naulizia moshi wake.
Leo nimelipiwa.
Wacha uniangalie wenyewe."

Basi nikampiga picha hivyo hivyo:
akitafuna, akifunga kilemba,
akimkemea Habamungu kwa kutupa mfupa majini,
akicheka, jambo ambalo simu yangu haikulizoea,
picha ikatoka na ukungu.

Tulirudi jua likiwa limelegea.
Kwenye boti hakushika mbao tena, alishika viatu vyake,
akavikung'uta mchanga juu ya ziwa, punje kwa punje,
asije akaufikisha nyumbani. Huko tunao wa kutosha.

Usiku akaniomba simu.
Picha kumi na moja.
Kwa kuwa alikataa kuugeukia,
mlima umo katika zote,
juu ya bega lake, umesimama wazi,
kama jamaa asiyealikwa aliyewahi kufika harusini.
Nikangoja akasirike.

Aliweka vidole viwili kwenye kioo, akakuza,
akaipita sura yake,
akakipita kilemba,
akapanda hadi kileleni, akakaza macho.

"Leo moshi ni mdogo," akasema.
Akanirudishia simu, akalala.