Mfyeka Nyasi wa Isevya

Miaka thelathini na moja nimefyeka nyasi.
Igalula, Goweko, Malongwe, kando ya mataruma,
jua mgongoni kama mtoto asiyetaka kushuka,
mnyapara Kapama akihesabu nguzo, si watu.
Nyasi hazikuwa na jina siku hizo.
Zilikuwa kazi.
Unazilaza Jumatatu, mvua inanyesha Jumanne,
Ijumaa zimekufika gotini, zinakutazama.

Sasa nimestaafu. Nina kiwanja Isevya,
na nimepanda nyasi.

Msicheke. Au chekeni tu,
Kashindye keshacheka kwa niaba ya mtaa:
"Mzee Mihayo, mahindi yamekushinda?"
Nyamizi, mke wangu, hakucheka.
Aliegemea fagio, akautazama uwanja wake
anaoufagia kabla ya jogoo, mweupe kama sahani,
akasema: "Umeleta nyoka, na nyumba umewajengea."

Shina la kwanza nililitoa stesheni.
Walikuwa wanavunja bustani ya zamani,
nikalikuta juu ya kifusi, mizizi hewani,
majani yake zambarau iliyoiva hadi ikakaribia weusi.
Nikalifunga kwa shati, nikalipakia baiskeli kama mgonjwa.
Miaka yote ile lilikuwa hatua ishirini
kutoka ghala la mafyekeo.
Sikuwahi kuliona.

La pili lina michirizi myeupe, nimelibadilisha kwa lita ya asali.
La tatu ni jekundu kwenye ncha tu, kama kiberiti kilichowashwa.
Jina lake silijui. Naliita Kapama,
kwa kuwa huwaka kila mchana bila sababu.

Kuhusu kutunza, niulizeni mimi.
Msilipende kupita kiasi. Samadi ikizidi
linalegea kama mlevi wa siku ya mshahara.
Mchanga wetu huu unalitosha,
na maji ya kuoshea vyombo mara mbili kwa juma,
na nafasi ya hatua moja baina ya shina na shina,
maana upepo nao unataka mlango.
Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, likate.

Hapo ndipo mkono wangu ulipotetemeka.
Shubiri moja juu ya ardhi, si chini ya hapo.
Reli haijui shubiri. Reli inataka upara.
Nikapiga magoti, mimi niliyefyeka nimesimama maisha yangu yote,
nikakata kwa kisu cha jikoni, konzi kwa konzi,
na humo ndani, katikati ya ukavu wa rangi ya majivu,
nikaona machipukizi,
mekundu kama ufizi wa mtoto.

Kumbe yalikuwepo.
Igalula, Goweko, Malongwe,
chini ya kila pigo langu.

Chai ikapoa. Sikuinuka.

Mwezi wa pili mbuzi wa Kashindye akala lile la michirizi.
Likarudi.
Nyoka alikuja mmoja, mdogo,
akapita zake bila kuulizia chumba.

Kisha kipupwe. Masuke yakajaa manyoya,
asubuhi yakashika mwanga wakati ndani ya nyumba bado giza,
na watoto wa shule wakawa wanapitia kwangu
ingawa njia yao ni ile ya kule kisimani.
Siku moja Nyamizi akazunguka nyuma na kamba ya katani.
Hakusema neno. Akachuma masuke yaliyokomaa,
akayagonga gotini yakalingana, akayafunga.

Kesho yake, kabla ya jogoo,
nikasikia sauti ngeni uwanjani,
laini, si ile ya chelewa za siku zote.
Nikachungulia.
Anafagia, ameinama, fagio la zambarau mkononi,
na nyuma yake, juu ya ule mchanga mweupe,
mbegu zinadondoka.

Sikumwambia.